Kupasha Moto Nyumba ya Ibada



Msharika wa Tanzania anaposhiriki ibada ya Januari katika kanisa la kale huko Ujerumani, hushangaa kuona watu wakiimba ndani ya makoti mazito, pumzi zao zikionekana kama moshi. (Ndugu wa Makete, waijuao baridi ya Julai, huenda wasishangae sana.) Mgeni huyo aweza kudhani kwamba wenyeji ni wabahili. Sivyo.

Makanisa hayo yalijengwa bila moto. Waumini walikuja na visanduku vya makaa vya kuwekea miguu. Majiko yalienea katika karne ya 19, kisha mitambo ya kupuliza hewa moto. Wazee walifurahi, lakini mbao ziliumia. Hewa ya nyuzi 0 yenye unyevu wa asilimia 80, ikipashwa hadi nyuzi 20 pasipo kuongezwa maji, unyevu wake hushuka hadi asilimia 21 hivi. Mbao zilizokaa katika ubaridi kwa karne nyingi hukauka na kusinyaa. Rangi ya madhabahu hubanduka, sanduku la upepo la kinanda hupata nyufa. Jumatatu unyevu hurudi, mbao huvimba, na Jumapili mateso huanza upya. Na hewa moto yenyewe hupanda juu: dari huota moto, miguu ya bibi kizee hubaki barafu.

Jambo hili lilichunguzwa kwa makini katika kanisa la Kikatoliki la Mtakatifu Maria Magdalena, Rocca Pietore, katika milima ya kaskazini mwa Italia, kwa mradi uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya miaka ya 2002 hadi 2005. Huko hewa moto ilikuwa ikiidhuru madhabahu ya kale ya mbao. Watafiti wakaweka vipashio vya umeme vya joto dogo ndani ya mabenchi yenyewe, karibu na mwili wa mwenye kuketi. Aliyeketi akapata joto, na hewa ya kanisa ikabadilika kidogo tu.

Njia hiyo ina mipaka. Mhubiri mimbarini na kwaya iliyosimama hawanufaiki na benchi. Kanisa linalotumika kila siku laweza kufaidika zaidi na joto dogo la kudumu. Na wanaobaki na hewa moto hushauriwa wasipandishe joto zaidi ya nyuzi 1 hadi 1.5 kwa saa. Basi mtunza kanisa huwasha mtambo usiku, wengine wakiwa wamelala.

Gesi ilipopanda bei mwaka 2022, sharika nyingi za Ujerumani zilipunguza joto, na baadhi zikahamishia ibada katika ukumbi wa usharika hadi majira ya kuchipua. Ukumbi mdogo hupata joto upesi, na mbao za kanisa hupumzika. Lakini mzee aliyebatizwa na kufunga ndoa mbele ya madhabahu ile hupita mlangoni pake Jumapili, akaukuta umefungwa.