Koti Lisilo na Bitana

Somo letu la leo limo katika Waraka wa Yakobo, mlango wa 2, aya ya 14 hadi ya 17.

Sisi tukaao Kibirichia, chini ya Mlima Kenya upande wa kaskazini, twaijua baridi. Mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka mlimani, na mwenye kwenda kuchimba viazi huenda akipuliza vidole vyake.

Vijana wetu wamelipenda koti moja la kijani, lenye mifuko minne mbele na kofia iliyokunjwa ndani ya kola. Limeigwa kutoka koti la jeshi la Marekani la mwaka 1965, lililovaliwa katika vita vya Vietnam. Hili la leo halikuona vita. Limeshonwa juzi kiwandani, likapaushwa ili lionekane kuukuu.

Kulivaa si dhambi. Lakini lile la askari lilikuwa na bitana nene, ya kufungwa kwa vifungo upande wa ndani, na bitana hiyo ndiyo iliyotunza joto. Mengine ya kuigwa huuzwa bila bitana. Mchana, sokoni, hutayatambua. Saa nane ya usiku utayatambua.

Ndugu, tuna jambo la kuungama. Usiku mmoja sisi wazee wa kanisa tulimaliza kikao, tukatoka nje tumevaa makoti yetu. Mlinzi wetu alikuwa ameketi mlangoni, amejifunika gunia. Tukampa mkono, tukamwambia, "Mzee, Mungu akulinde na baridi hii." Tukaenda kulala. Asubuhi tulimkuta akitetemeka, hawezi kusema. Huko zahanati tuliambiwa ni kichomi.

Tulikuwa tumemwombea, tena kwa maneno mazuri. Lakini Yakobo amesema habari za watu kama sisi: wamwambiao ndugu aende akaote moto, wala hawampi kitu cha kumtia joto. Imani yetu usiku ule ilikuwa na mifuko minne na kola. Bitana haikuwamo.

Mungu alimrehemu mzee yule, akapona. Nasi tukachanga, tukamnunulia koti. Lilikuwa la kuigwa vilevile, ila tulipeleka kwa fundi, akashonea blanketi ndani. Mzee alipolivaa hakuuliza kama lilifika vitani. Alifunga vifungo, akasema, "Sasa nitakesha."

Mpendwa msikilizaji, je, imani yako ina bitana? Usijibu mbele ya watu mchana. Jibu usiku wa leo, ukimkumbuka mtu mmoja wa jirani asiye na cha kujifunika. Kesho kabla ya jua kuchwa, mpelekee.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe maneno yetu matupu. Utufundishe kuwapa wenzetu joto ulilotupa sisi. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.