Kakao, GMO na Damu ya Mtoto

Hapa Kona Baridi, upepo wa asubuhi ukivuma, wazazi wengi humpa mtoto kikombe cha maziwa yenye kakao. Lakini wengine wanauliza: je, kakao hiyo si GMO? Haitamdhuru mtoto?

Mkakao haumei kwetu, kwa maana unataka joto na mvua nyingi. Majirani zetu wa Kyela, Tanzania, na Bundibugyo, Uganda, huulima. Mbegu za tunda lake huvundikwa siku kadhaa, huanikwa juani, kisha hukaangwa na kusagwa.

GMO ni mmea au mnyama ambaye jeni zake zimebadilishwa maabarani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, walieleza jinsi walivyobadilisha jeni moja katika majani ya mkakao, yakastahimili ugonjwa zaidi. Huo ni utafiti tu. Kakao ya GMO haiuzwi madukani. Marufuku ya GMO ya mwaka 2012 hapa Kenya, ambayo serikali iliiondoa mwaka 2022 na kesi zikafuata, ilizua mjadala hasa juu ya mahindi.

Basi mzazi, jambo la kuangalia ni lingine: damu ya mtoto wako. Maziwa ni chakula chetu, lakini yana madini ya chuma kidogo sana. Kakao nayo, kama majani ya chai, huzuia mwili kupata chuma kilichomo katika maharagwe na mboga. Mtoto akishiba kikombe hicho akakataa chakula, hupungukiwa damu. Viganja hupauka, huchoka upesi, na masomo humlemea.

Fanya hivi:

Chini ya miezi 6, mpe maziwa ya mama pekee.

Miezi 6 hadi 23, usimpe kinywaji chenye sukari. Ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoshauri mwaka 2023.

Aliye mkubwa, mpe kakao kidogo, sukari kidogo, saa moja au mbili baada ya chakula.

Kwenye sahani weka ndengu, mboga, na nyama au maini ukipata. Kipande cha chungwa husaidia chuma kuingia mwilini.

Leo jioni, tazama viganja vya mtoto wako. Vikiwa vimepauka, usingoje; mpeleke kituo cha afya apimwe damu.