Rafiki wa Kweli Hafichi Chupa

Leo tuongee juu ya mtu anayesimama nyuma ya shujaa. Anaitwa Bethany Cabe, yumo katika vitabu vya katuni vya Iron Man vya Marekani.

Mwaka 1979 waandishi David Michelinie na Bob Layton walimwonyesha Tony Stark, mwenye vazi la chuma, akizama katika ulevi. Risasi hazimwingii, lakini chupa inamshinda! Anamfokea mtumishi wake Jarvis mpaka mzee wa watu anaacha kazi.

Bethany ni mlinzi tu, hana vazi la chuma. Ila mume wake aliwahi kutekwa na vidonge, na yeye hakuweza kumwokoa. Ndiyo maana kwa Tony hanyamazi. Anamwambia ukweli, kisha anakaa naye siku zile ngumu za kuacha. Mwishowe Tony anamwomba Jarvis radhi.

Sasa nyie mnasemaje? Wengi tunadhani kumpenda rafiki ni kumfichia, kumdanganyia mwalimu, kumkopesha hela ya pombe. Jamani, huko ni kumzamisha! Ongea naye akiwa hajalewa, bila matusi. Tafuteni mtu mzima mnayemwamini.

Lakini katuni ni katuni. Aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuanguka kama mwenye kifafa, hata kufa. Kwa hiyo msindikize hospitali. Akikataa je? Si kosa lako. Siku atakapokubali, akukute bado u rafiki yake.