Kreti Moja ya Nyanya, Vibanda Vitatu

Mazungumzo na wauza mboga wa Kayole na Umoja

Wengi wenu mmetoka Marikiti tangu alfajiri na miguu inauma, kwa hivyo sitawachosha. Nataka tupige hesabu moja tu.

Tuseme kreti ya nyanya ni shilingi 4,000. Nauli yako na kubebewa mzigo hadi kibandani, shilingi 500. Kwa kuogopa hiyo 500, unanunua kreti nzima ili ikutoshe siku tatu. Siku ya tatu robo yake imelainika. Hiyo ni shilingi 1,000 umetupa, na pengine zilikuwa za mkopo wa simu. Mama, hasara si nauli peke yake. Nyanya inayokaa inakula mtaji ukiwa umelala.

Sasa muwe watatu. Kila siku mmoja wenu aende, anunue kreti moja, mgawane. Kila mmoja anatoa takriban shilingi 1,330 za nyanya na 167 za safari. Baada ya siku tatu umelipa safari ile ile ya 500, umeamka usiku mara moja tu kama zamani, lakini kila siku unauza nyanya mbichi. Ile 1,000 imebaki kwako.

Najua mtauliza: akileta kreti ambayo chini imeoza? Kubalianeni mapema kwamba hasara hiyo ni ya wote, na kreti ifunguliwe mbele ya wote watatu. Tena msiungane majirani wa mstari mmoja, mtagombania wateja. Tafuta mwenzako wa mtaa wa pili.

Sukuma wiki na dania ni hivyo hivyo, kila siku kidogo.

Viazi na vitunguu ni tofauti. Hivyo vinavumilia, nunua vya wiki. Viazi viweke gizani visigeuke kijani, vitunguu vipate hewa. Na gunia la viazi, kanuni za mwaka 2019 zinasema lisizidi kilo 50. Lumbesa bado iko sokoni, na wapo wanaoifurahia wakidhani wamepata nyongeza. Lakini bila mizani hujui umelipa shilingi ngapi kwa kilo, na mbeba mzigo naye ana mgongo. Omba kupimiwa.

Kabla hamjaondoka, kaeni watatu watatu, mkubaliane nani ataenda kesho.