Mla-Ndizi Asiye na Haja na Ndizi

Mtu aliyezoea kuteka maji kwenye vijito vya Kasulu na Kibondo huenda amemwona shorobo wa Ross mara nyingi, akadhani ni ndege mweusi basi. Akiwa ndani ya majani huonekana hivyo. Kumbe ni zambarau iliyokolea. Akirukia mti wa pili na mabawa yakakunjuka, hutokeza wekundu wa damu mbichi, kisha hutua na wekundu wote ukafichwa tena.

Mhadhara huu unaanzia kwenye wekundu huo. Unatokana na turasini, rangi ambayo ndani yake mna madini ya shaba. Mkemia Mwingereza Arthur Church aliandika habari zake mwaka 1869. Turasini huyeyuka katika maji ya magadi: unyoya ukilowekwa humo, maji hushika wekundu na unyoya hupauka. Shaba hiyo ndege huipata kidogo kidogo katika chakula chake.

Na chakula chenyewe ni kipi? Jina la kisayansi, Musophaga, maana yake mla-ndizi. Katika nchi hii ya Waha, ambako migomba huzunguka nyumba, jina hilo lingemtia ndege matatani bure. Porini hutafuta hasa matunda ya mikuyu, huongeza maua na majani machanga, na mara mojamoja mchwa au konokono. Tunda dogo humezwa zima, na mbegu hudondoshwa mbali na mti mama. Jina la Ross nalo lilitoka mbali: ni la Lady Ross, mke wa gavana wa kisiwa cha St Helena katika karne ya 19, aliyemfuga mmoja.

Ana urefu wa zaidi ya sentimita 50, kishungi chekundu, na mdomo wa njano uliopanda hadi kwenye paji kama ngao. Si mrukaji hodari. Juu ya tawi, hata hivyo, hukimbia kama kindi, kwani kidole cha nje cha mguu wake huweza kugeukia mbele au nyuma.

Sehemu kubwa ya nyanda za Kasulu na Kibondo ni miyombo, ambayo hupukutisha majani kiangazi. Kijani hubaki kwenye ukanda mwembamba wa msitu kando ya maji yaendayo mto Malagarasi, na humo ndimo shorobo anamoishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Lakini bondeni ndiko kwenye unyevu, na mkulima anayetaka maharage ya kiangazi hana pengine pa kwenda. Kumwita mharibifu ni kurahisisha mambo. Kambi za wakimbizi nazo, Nyarugusu ya Kasulu tangu 1996 na Nduta ya Kibondo, ziliongeza haja ya kuni.

Upana wa ukanda huo si hoja ya wapima ardhi peke yao. Shorobo hutaga mayai mawili juu ya vijiti vilivyopangwa ovyo kama kiota cha njiwa, na wazazi wote wawili huatamia. Makinda hutoka kiotani kabla ya kujua kuruka. Kwa siku kadhaa hutambaa tawi kwa tawi, yakifuata sauti za wazazi, na huvuka kwenda mti wa pili pale tu matawi yanapogusana.