KUONGOZA CHAMANI SIYO KUSHINDA JIMBONI



Kila unapokaribia uchaguzi, wanachama wa chama cha siasa hukabiliwa na maswali mawili, na mara nyingi huyachanganya hata yakaonekana kuwa swali moja. La kwanza ni hili: nani anapendwa zaidi na wanachama wenzake? La pili ni hili: nani anaweza kukubaliwa na watu wa jimbo zima, wakiwamo wasio na kadi, wenye kadi ya chama kingine, na wale waliokwisha kukata tamaa na siasa? Anayelijibu vyema swali la kwanza huitwa anayeongoza. Lakini ubunge hutolewa na swali la pili. Miji ya Mbeya na Iringa imelipia somo hili kwa gharama, na inafaa lisomwe tena kwa utulivu, wakati ambapo hakuna jukwaa wala tarumbeta.

Somo lenyewe lina mizizi ya zamani. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, Mkutano Mkuu wa Wilaya wa TANU uliwapigia kura waombaji, kisha Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili wa kupelekwa kwa wananchi. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Wote wawili walihutubia mikutano ileile, nao walikatazwa kuomba kura kwa kutaja kabila, dini au rangi ya mtu. Utaratibu ule ulikuwa na mipaka yake, maana haukuruhusu chama kingine. Hata hivyo ulikuwa na faida moja kubwa: udhaifu wa kiongozi ulipimwa hadharani, mbele ya wapiga kura, na mwanachama mwenzake aliyesimama naye jukwaa moja. Mawaziri wawili walianguka mwaka ule, miongoni mwao Paul Bomani aliyekuwa Waziri wa Fedha. Wakubwa walikuwa wamewapitisha. Wananchi wakasema hapana.

Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ilipoleta vyama vingi, mahali pa mtihani palibadilika. Tangu uchaguzi wa mwaka 1995, mwananchi haletewi tena wanachama wawili wa chama kimoja achague mmoja. Analetewa mmoja tu, naye hukutana na mpinzani kutoka chama kingine. Kwa sababu hiyo kura za maoni zimekuwa ndiyo nafasi ya mwisho ambamo udhaifu wa mgombea unaweza kusemwa na rafiki. Usiposemwa hapo, utasemwa na hasimu, naye hatachagua maneno ya upole. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Tena, ni nani hasa anayepiga kura hizo za maoni? Katika Chama Cha Mapinduzi jibu limebadilika mara kwa mara. Mwaka 2010 na mwaka 2015 wanachama wote waliruhusiwa kupiga kura katika matawi yao. Mwaka 2020 kazi hiyo ilirudishwa kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo. Mwaka 2025 idadi ya wajumbe ilipanuliwa hadi ngazi za chini, lakini vikao vya juu viliyachuja majina kwanza kabla ya wajumbe kupiga kura. Kila utaratibu una kipimo chake. Penye wajumbe mia kadhaa, mwombaji anaweza kumjua kila mmoja kwa jina, akajua na mlango wake, na mahali ambapo maadili yamelegea akajua na bei yake. Mahakama Kuu iliifuta takrima mwaka 2006, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ikatungwa mwaka 2010, kwa sababu hatari hiyo haikuwa ya kufikirika. Ushindi wa namna hiyo huonyesha kuwa mwombaji anawajua wajumbe. Hauonyeshi kuwa jimbo linamjua yeye.

Mfano wa kwanza ni Iringa Mjini mwaka 2010. Mbunge aliyekuwapo, Ndugu Monica Mbega, alikuwa ameliongoza jimbo kwa vipindi viwili tangu mwaka 2000, na wakati huo alikuwa pia Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Katika kura za maoni alishindwa na Ndugu Frederick Mwakalebela. TAKUKURU ikamfikisha Mwakalebela mahakamani kwa tuhuma za rushwa, tuhuma alizozikana, na vikao vya juu vya chama vikaliondoa jina lake na kulirudisha la Mbega. Siku ya uchaguzi mkuu Iringa Mjini ikamchagua Mchungaji Peter Msigwa wa CHADEMA.

Haifai kuwalaumu watu wa Iringa kwamba walikuwa wageugeu, wala kuvilaumu vikao kwamba viliijali rushwa. Kuijali ni wajibu wao. Kosa lilikuwa mahali pengine. Kura za maoni zilikuwa zimekwisha kutoa habari muhimu sana kuhusu mgombea aliyerudishwa: wanachama wake wenyewe walikuwa wamemchoka, au angalau walikuwa na malalamiko. Habari hiyo ilihitaji kujibiwa. Kwa nini jimbo linaona mbunge wake yuko mbali? Ukuu wa mkoa wa Kilimanjaro na ubunge wa Iringa vinabebwaje na mabega ya mtu mmoja? Maswali hayo hayakufutika kwa sababu jina limebadilishwa katika karatasi. Yalihama tu kutoka kwenye tawi la chama yakaenda kwenye mikutano ya mpinzani. Mwaka 2015 chama kilimsimamisha Mwakalebela mwenyewe, naye akashindwa na Msigwa yuleyule. Ufa ambao ungezibwa mwaka 2010 ulikuwa umekwisha kuwa ukuta wa kujengwa upya, na ujenzi huo ulichukua miaka kumi.

Mfano wa pili ni Mbeya Mjini mwaka 2020, na huu ni mgumu zaidi, kwa kuwa anayeongoza alikuwa na sifa ambazo hakuna aliyeweza kuzikana. Dk. Tulia Ackson, mzaliwa wa Rungwe, alikuwa mwanasheria mwenye shahada ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali kabla ya kuteuliwa kuwa mbunge na kuchaguliwa kuwa Naibu Spika mwezi Novemba 2015. Katika kura za maoni za chama aliwaacha wenzake mbali. Mbele yake alisimama Ndugu Joseph Mbilinyi, maarufu kwa jina la Sugu, mwanamuziki aliyelichukua jimbo hilo mwaka 2010 na kulitetea mwaka 2015.

Mwanachama mkweli aliyeketi na kumpima mgombea huyu angeona mambo manne ya kujadiliwa. La kwanza, hakuwa amewahi kuombea kura katika jimbo lolote. Ubunge wake ulitokana na nafasi kumi ambazo Katiba inampa Rais kuteua. Aliyeteuliwa anaweza kuwa hodari kuliko aliyechaguliwa, lakini hajawahi kusimama mbele ya mama muuza ndizi wa Mwanjelwa akaulizwa kwa nini soko lililoungua mwaka 2006 lilichukua miaka mingi kujengwa upya.

La pili, kiti chake Bungeni. Mwaka 2016 wabunge wa upinzani walisusia vikao alivyoviongoza kwa majuma kadhaa, wakidai kwamba anaupendelea upande wa Serikali. Wapo waliomwona kuwa mlinzi wa kanuni, na wapo waliomwona kuwa mlinzi wa Serikali. Mjini Mbeya, mahali palipomchagua mpinzani mara mbili mfululizo, kundi la pili halikuwa dogo.

La tatu ni historia ya mpinzani wake. Mwezi Februari 2018 Sugu alihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno yaliyosemekana kumtusi Rais, akatoka mwezi Mei. Jela humpunguzia mwanasiasa muda, lakini mara nyingi humwongezea huruma. Mgombea wa chama tawala alipaswa kuwa na jibu la kuwapa vijana walioiona hukumu ile kuwa ni adhabu ya mji mzima.

La nne, misaada. Taasisi inayobeba jina lake ilikuwa ikisaidia jamii na kuandaa mbio zilizoupatia mji sifa. Wema ni wema. Lakini msaada unaotolewa na mtu anayetarajiwa kuomba kura huzaa swali, na swali hilo haliondolewi kwa kumkasirikia anayeliuliza. Huondolewa kwa hesabu zilizo wazi, na kwa kueleza kwa nini mahitaji ya shule na zahanati yasubiri hisani wakati yapo mafungu ya Halmashauri.

Matokeo yaliyotangazwa yalimpa Dk. Tulia kura 75,225 na Sugu kura 37,591. Iringa Mjini nako Ndugu Jesca Msambatavangu, aliyewahi kufukuzwa katika CCM mwaka 2017 na baadaye kurejeshwa, alimshinda Msigwa. Kwa haraka mtu angeweza kusema kwamba mjadala wa udhaifu ulikuwa kelele za bure. La hasha. Upinzani uliyakataa matokeo ya mwaka ule, ukidai kwamba mawakala wake walizuiwa na kwamba kura zilichezewa, madai ambayo Tume ya Uchaguzi iliyakanusha. Katika uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, CHADEMA haikuwamo kabisa katika karatasi ya kura. Dk. Tulia, ambaye mwaka 2022 alikuwa Spika na mwaka 2023 akachaguliwa kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani, alisimama katika jimbo jipya la Uyole, lililomegwa kutoka Mbeya Mjini. Hivyo mizani ambayo ingepima hasa nguvu na udhaifu wa mgombea haikupata kutumika ikaaminiwa na pande zote. Ushindi usioaminiwa na nusu ya mji ni deni ambalo mshindi huliingia bila kujua litadaiwa lini.

Hapana budi pia kutenga udhaifu wa kweli na udhaifu wa kubuniwa. Mgombea anapokuwa mwanamke, wapo wanaokimbilia kuuliza ndoa yake, ukoo wa mumewe, au kama sauti yake inatosha jukwaani. Hayo si maswali ya jimbo. Iringa Mjini iliyomkataa Mbega mwaka 2010 ndiyo iliyomchagua mwaka 2000 na mwaka 2005. Jinsia yake haikubadilika katikati. Kilichobadilika ni uhusiano wake na wapiga kura. Lipo hata hivyo jambo la kweli linalowagusa wanawake zaidi. Katiba inataka viti maalumu visipungue asilimia 30 ya wabunge wengine wote, na wengi wa wanasiasa wanawake hupandia ngazi hiyo au ya uteuzi. Wanapoingia jimboni huambiwa hawana jimbo, kana kwamba ni kosa lao. Dawa ni kuwapa nafasi ya kusimama majimboni mapema, ili maswali magumu yawakute wakiwa wangali na muda wa kuyajibu.

Ndugu Walimu na Watumishi, kwa nini jambo hili linawahusu ninyi kuliko wengine? Kwa sababu mwalimu ndiye anayekaa kituoni siku ya kura, mbele ya sanduku, na mtumishi wa Halmashauri ndiye anayepokea fomu za matokeo usiku. Chama kinachosimamisha mgombea asiyekubalika, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusema ukweli katika kura za maoni, hujitia katika kishawishi cha kuutafuta ushindi mahali pengine. Na mahali penyewe ni mezani kwa mtumishi. Neno ambalo mjumbe aliogopa kulisema mwezi Julai humwangukia msimamizi wa kituo mwezi Oktoba kama ombi la kusaidia. Woga wa mmoja huwa mtihani wa dhamiri ya mwingine, na msimamizi huyo kesho yake atarudi darasani kuwafundisha watoto wa mji uleule uraia na hesabu.

Kwa hiyo kazi ianze mapema. Wanachama wa chama chochote, kiwe kinatawala au kinapinga, wamwite anayeongoza wamwulize kwa heshima na bila kumung'unya maneno: jimbo linakulalamikia nini, na jibu lako ni lipi? Vikao vinapobadilisha chaguo la wanachama vitoe sababu inayoeleweka tawini. Wajumbe wapime ni watu wangapi wasio wajumbe wanaomwamini mwombaji. Naye mgombea awashukuru wanaomwonyesha udhaifu wake wakati bado anaweza kuurekebisha, maana wanaomsifu tu watamwacha peke yake siku ya kuhesabu kura.

Mbeya na Iringa ni miji ya watu wanaosoma, wanaofanya biashara na wanaokumbuka. Imewahi kuwachagua na kuwaondoa wabunge wa kila rangi ya bendera. Mgombea anayeiheshimu miji hiyo hatasubiri mpinzani amwulize; atajiuliza mwenyewe kwanza, na chama chake kitamsaidia kwa kumwambia kweli.