Mchoro wa Mtoto Si Mtihani



Mitihani inapokaribia, kipindi cha kwanza kufutwa katika ratiba za shule nyingi ni kile cha sanaa. Mwalimu Mkuu huona ametenda jambo la busara, kwani kuchora hakumpeleki mtoto sekondari. Dhana hii imeota mizizi, nayo yafaa ipingwe.

Mwezi Desemba, 1942, Wanazi walimpeleka mwalimu wa sanaa, Bibi Friedl Dicker-Brandeis, katika kambi ya Terezín, Chekoslovakia. Bibi huyu, mzaliwa wa Vienna, alikuwa amesomea chuo mashuhuri cha Bauhaus, Ujerumani. Kambini alikuta maelfu ya watoto wa Kiyahudi wenye njaa, wamelazwa katika vitanda vya ghorofa, wengi wametengwa na wazazi wao. Masomo ya kawaida yalikuwa yamepigwa marufuku. Kuchora hakukukatazwa, pengine wakubwa wa kambi nao walidhani ni mchezo tu.

Karatasi zilikuwa adimu, hivyo watoto walichora nyuma ya fomu za ofisi zilizokwisha kutumika, na vipande vilivyochanika wakavibandika kuwa picha. Walichora nyumba walizoziacha, meza zilizoandaliwa chakula, bustani na vipepeo. Wengine walichora vitanda vyao na foleni ya chakula. Mwalimu hakuwatolea alama. Alichosisitiza ni kwamba kila mtoto aandike jina lake juu ya kazi yake. Na mahali ambapo binadamu alitambuliwa kwa namba, hilo halikuwa jambo dogo. Mwaka 1943, akizungumza na walimu wenzake humo humo kambini, aliwaonya dhidi ya haraka ya watu wazima kutaka watoto wafanane nao.

Ieleweke wazi kwamba michoro haikumwokoa mtu. Oktoba 1944 Bibi huyo alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa watoto wale waliuawa pia. Zilibaki picha zipatazo 4,500, zilizofichwa katika masanduku mawili. Leo zimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kiyahudi mjini Prague.

Mwenye shaka atauliza: basi faida yake nini? Mwanafunzi wake mmoja, Edith Kramer, aliyewahi kumsaidia kufundisha watoto wa wakimbizi mjini Prague, alikimbilia Marekani mwaka 1938. Tangu miaka ya 1950 aliitumia njia hiyo kwa wavulana wenye matatizo katika jimbo la New York, na akawa miongoni mwa waasisi wa taaluma ya tiba kwa sanaa.

Darasa la watoto sabini lisilo na rangi laweza kuanza kwa mkaa, udongo wa mfinyanzi na karatasi chakavu za ofisini. Mtoto aliyefiwa, au anayepigwa nyumbani, mara nyingi hana maneno ya kulieleza jambo hilo, lakini mkono wake huweza kulichora. Mwalimu anayeona mchoro wa kutisha asiucheke wala asiuoneshe darasani. Amwite mtoto kando, amwombe aeleze picha yake, kisha asikilize. Hapo mwalimu hageuki kuwa daktari; likimzidi, alifikishe kwa mwalimu wa malezi au ofisa wa ustawi wa jamii.

Na wale wanaokagua shule, wakikuta kipindi cha sanaa kimefutwa, waulize kimekwenda wapi na kwa idhini ya nani.